Kamusi si Ghala la Mapambo

Miongoni mwa malalamiko yanayosikika mara kwa mara katika idara zetu za Kiswahili ni kwamba mwandishi chipukizi wa leo ana uhaba wa msamiati. Malalamiko haya yana ukweli, ila ni nusu ya ukweli. Ukizipitia insha, hadithi fupi na mashairi yanayotungwa na wanafunzi vyuoni, utakutana na maneno mazito tele, mengine yakiwa yametoka kwenye lahaja ambazo mtunzi hajapata kuzisikia zikizungumzwa. Kinachokosekana si maneno. Kinachokosekana ni neno linalostahiki mahali pake. Rai ya makala haya ni kwamba kamusi tunazo, na nyingine ni nzuri sana, lakini wengi wetu hatujajifunza kuzisoma kama waandishi. Tunaziendea kama mtu aendaye sokoni kutafuta shanga za kujipamba.

Chimbuko la tabia hii si la kutafutwa mbali. Sehemu kubwa ya wanafunzi wa Kenya walilelewa na insha ya mtihani wa KCPE, ambao ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Katika maandalizi ya insha hiyo, mwanafunzi alikaririshwa mafungu ya maneno: majogoo yakiwika alfajiri, mhusika akifyatuka mbio mithili ya mshale, jua likitoa tabasamu. Mafungu hayo yalitiwa katika kila insha, iwe ni ya harusi au ya ajali barabarani. Mtihani umekwenda, lakini mazoea uliyoyalea yamepanda nasi hadi chuo kikuu. Tofauti ni kwamba sasa badala ya daftari la misemo tunabeba kamusi ya visawe.

Nisieleweke vibaya. Kamusi ya Visawe ya Mohamed A. Mohamed na Said A. Mohamed, iliyochapishwa mwaka 1998, ni hazina ambayo kila mtunzi anapaswa kuwa nayo. Tatizo ni la msomaji anayedhani kwamba kisawe ni pacha wa neno. Tuchukue mfano ulio wazi. Kufa, kufariki, kuaga dunia na kukata kamba yote yanaelezea tukio moja. Hata hivyo, mtunzi anayeandika kwamba mbuzi wa jirani aliaga dunia atachekwa, na anayetangaza msibani kwamba marehemu alikata kamba huenda akafukuzwa matangani. Maana ni moja, lakini heshima, mahali na msemaji ni tofauti. Kamusi ya visawe huyapanga maneno kwenye safu moja. Kazi ya kuyatenganisha inabaki kuwa ya mwandishi.

Utajiri wa msamiati, basi, haupimwi kwa ugumu wa maneno bali kwa usahihi wake. Mhusika wa hadithi anapoona wingu la mvua, mara nyingi huandikiwa kwamba alikimbia kutoa nguo kwenye kamba. Kiswahili kina neno moja tu kwa tendo hilo: alizianua. Sufuria nayo hutolewa motoni katika kurasa nyingi, ilhali mpishi huiinjika na kuiepua. Kila mzigo hubebwa, na kila mtoto hubebwa. Lakini mama anaweza kumweleka mwanawe mgongoni au kumpakata mapajani, na mchukuzi hutwikwa gunia kichwani kisha akalitua. Hakuna hata neno moja kati ya haya lililo la ajabu. Yote yamo kamusini na yangali midomoni mwa watu. Yameachwa tu, kwa sababu hayang'ai vya kutosha machoni pa mtu anayetafuta mapambo.

Swali la kujiuliza ni hili: kamusi isomwe vipi? Kwanza, isomwe kidahizo kizima. Wengi huishia kwenye maana ya kwanza na kuyaruka yanayofuata. Mwandishi akilitazama neno paa kwa haraka, atamwona mnyama na ataiona sehemu ya juu ya nyumba, kisha afunge kitabu. Akivumilia, atakutana na kupaa angani na kupaa samaki, yaani kumtoa magamba. Kadhalika atazame ngeli, mifano ya matumizi, na vidokezo vinavyoonyesha kwamba neno ni la kale au la fani fulani. Vidokezo hivyo ndivyo vinavyomwonya mtunzi asimtie kijana wa Eldoret lugha ya tenzi za Pate anapozungumza na kondakta wa matatu.

Pili, neno lisomwe pamoja na jamaa zake. Kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza ya mwaka 1939, inayofahamika kwa jina la Frederick Johnson, iliyaweka maneno mengi yaliyonyambuliwa chini ya shina lake. Mpangilio huo humtaabisha anayetafuta maana ya haraka, lakini humfaidi sana mwandishi. Chini ya funga huuona ukoo mzima: fungua, fungana, mfungo, kifungo, mfungwa, ufunguo. Anayeuona ukoo huanza kuzizoea kanuni zenyewe. Akijua kwamba funga huzaa fungua, kunja huzaa kunjua na tega huzaa tegua, amepata chombo cha kufanyia kazi badala ya maneno matatu ya kukariri.

Tatu, kamusi zilinganishwe. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka 1981, ikapata toleo la pili mwaka 2004 na la tatu mwaka 2013. Baraza la Kiswahili la Zanzibar lilitoa Kamusi la Kiswahili Fasaha mwaka 2010, na Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania likatoa Kamusi Kuu ya Kiswahili mwaka 2015. Msomaji makini atagundua kwamba tofauti zinaanzia jaladani: wengine wanasema kamusi ya, wengine kamusi la. Ikiwa mabaraza mawili ya lugha hayakubaliani kuhusu upatanisho wa neno kamusi lenyewe, mwanafunzi hana sababu ya kuligeuza toleo moja kuwa msahafu. Anayelinganisha hujifunza kwamba usanifu wa lugha ni makubaliano ya watu, na kwamba mwandishi naye ana sauti katika makubaliano hayo.

Najua kuna wanaopinga. Watasema kwamba Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyeishi kati ya mwaka 1776 na 1840, hakuwa na kamusi, na tungo zake zingali zinatushinda kwa umbuji. Hoja hii ina uzito, lakini inasahau kwamba Muyaka alizungukwa na kamusi zenye uhai: wazee wa baraza, mabaharia, na washairi wenzake waliokuwa tayari kumjibu beti kwa beti. Isitoshe, W. E. Taylor alipokuwa akizikusanya tungo hizo baadaye, alimtegemea Mwalimu Sikujua bin Abdallah. Maneno yalikuwa yamekwisha kuhitaji mlinzi. Sisi ambao wengi wetu tumekipata Kiswahili darasani, mbali na mwambao, tunahitaji walinzi hao maradufu.

Hapa ndipo mfano wa Sheikh Ahmed Nabhany, aliyefariki mwaka 2017, unapotufaa zaidi. Nabhany alitambua kwamba msamiati wa kazi hupotea pamoja na kazi yenyewe. Akatunga Sambo ya Kiwandeo, iliyochapishwa mwaka 1979, kuhusu uundaji wa vyombo vya baharini huko Lamu. Baadaye, mwaka 1985, ikachapishwa Umbuji wa Mnazi, utungo unaoueleza mnazi, sehemu zake na manufaa yake. Anayedhani kwamba mnazi una nazi na madafu tu hajakutana na kidaka, kitale na koroma. Nabhany hakuyachukua maneno kamusini ili kuupamba utenzi. Aliutunga utenzi ili maneno yapate makao. Huo ndio uhusiano ninaoutetea kati ya mwandishi na marejeo: achote, lakini arudishe.

Kuchota kumekuwa rahisi mno siku hizi. Simu hutoa tafsiri kwa kubonyeza mara moja, na programu za akili unde huweza kuandika aya nzima kabla mtunzi hajakohoa. Vifaa hivi si haramu. Hata hivyo, humpa mtu neno bila kumwonyesha jamaa zake, na mara nyingi humpa lile ambalo tayari linatumiwa na kila mtu. Mwanafunzi anayevitegemea pekee ataandika Kiswahili kisicho na kosa wala harufu.

Napendekeza mambo mawili kwa wanachama wenzangu. La kwanza, kila mmoja wetu awe na daftari la maneno, lakini asiandike neno na maana yake pekee. Aandike pia alilipata wapi, nani alilisema, na sentensi aliyoitunga mwenyewe. La pili, tunapokwenda likizo tulete maneno ya kazi za watu wetu: ya mvuvi, fundi wa jua kali, mfugaji na mama muuza mboga, tuyalinganishe na yaliyomo kamusini, kisha yale yasiyomo tuyachapishe katika jarida hili pamoja na mifano yake. Haba na haba hujaza kibaba. Wahadhiri nao watufae kwa kutuza usahihi wakati wa kusahihisha, wala wasidanganyike na kishindo cha maneno. Neno zito lililokaa pasipo pake liwekewe mstari mwekundu kama kosa lolote jingine.