Tembo Anatusoma

Kila mwaka huwapa wanafunzi wangu wa kidato cha nne insha ya majaribio kuhusu uhusiano wa wanyamapori na mazingira yao. Kila mwaka zaidi ya nusu ya karatasi huanza kwa sentensi ileile: wanyamapori ni wanyama waishio porini bila kufugwa na binadamu. Kisha hufuata maji, malisho, hali ya hewa na makazi, kila kimoja na aya yake. Binadamu hutokea mwishoni, akiwa jangili. Sarufi ni safi, ila hoja haipo.

Maoni yangu ni kwamba insha hizo zimeacha sehemu kubwa ya mazingira ya mnyama, nayo ni sisi wenyewe. Ninafundisha Mugeta, wilayani Bunda, upande wa magharibi wa Serengeti. Huku mahindi na mtama vikikomaa, tembo huja. Wazee husema tembo ana njaa, vijana husema ana kiburi. Mimi nasema tembo amefanya utafiti.

Usicheke, mtahiniwa. Amboseli, kusini mwa Kenya, watafiti waliwanusisha tembo nguo zilizovaliwa na Wamaasai na nyingine zilizovaliwa na Wakamba. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007: harufu ya Mmaasai iliwatimua tembo mbali zaidi. Sababu inaeleweka. Vijana wa Kimaasai wamezoeleka kuwachoma tembo mikuki, Mkamba ni mkulima na hana tabia hiyo. Mwaka 2014 zikachapishwa habari za jaribio la sauti. Tembo walichezewa sentensi moja ya kuonyeshana kundi la tembo linalokuja, ikisemwa kwa Kimaasai na kwa Kikamba. Waliposikia mwanamume wa Kimaasai walikusanyika haraka na kurudi nyuma. Waliposikia mwanamume wa Kikamba, au wanawake na wavulana wa Kimaasai, hofu ilipungua. Yaani mnyama huyu hutofautisha lugha, jinsia na umri wa msemaji, kisha huamua kama kuna haja ya kukimbia. Wapo watu wasioweza hivyo.

Mkono wetu hufika hata pale tusipokusudia. Chukua nyumbu. Ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika Mashariki katika miaka ya 1890, ukaua ng'ombe, nyati na nyumbu kwa wingi. Katikati ya karne iliyopita ng'ombe walichanjwa. Hakuna aliyemchanja nyumbu hata mmoja, lakini ugonjwa ulipotoweka kwa ng'ombe ulitoweka na kwa nyumbu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikuwa takriban 250,000. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walifika milioni 1.3 hivi. Kundi hilo likala nyasi. Nyasi zilipopungua, moto wa kiangazi ukakosa cha kuchoma. Moto ulipopungua, miche ya miti ikapata nafasi ya kukua. Sindano ya ng'ombe ikaotesha miti mbugani! Mtahiniwa anayeweza kufuata mnyororo huo kutoka mwanzo hadi mwisho hahitaji kukariri fasili ya mazingira.

Turudi mashambani. Silaha zetu ni madebe, tochi, vijinga vya moto na kelele kutoka kwenye dungu. Usiku wa kwanza tembo hukimbia. Usiku wa tatu husimama akasikiliza. Baada ya wiki mbili anakula huku debe likilia, kwa kuwa amekwisha kujua kwamba nyuma ya debe hakuna kitu. Hapo ndipo ninapotofautiana na majirani zangu wanaodai madebe zaidi. Kitisho kisicho na maumivu hakidumu kwa mnyama mwenye kumbukumbu. Wala sisemi tushike mikuki. Tembo aliyejeruhiwa huua mtu, na sheria iko wazi.

Nyuki ni habari nyingine. Ngozi ya tembo ni nene, lakini ndani ya mkonga na kuzunguka macho kuna pa kuumwa, na tembo akisikia mvumo wa nyuki waliochokozwa huondoka huku akinguruma kuwaonya wenzake. Sagalla, karibu na Tsavo Mashariki, wakulima walizungushia mashamba mizinga iliyoning'inizwa na kuunganishwa kwa waya. Tembo akigusa waya, mizinga inatikisika. Takriban tembo 8 kati ya 10 waliokaribia uzio huo hawakuingia shambani, na asali ikauzwa. Ukame ukija nyuki huhama, kwa hiyo si dawa ya kila msimu. Hata hivyo, nyuki humuuma kweli, na hicho ndicho debe halina. Kwetu huku wapo wanaopaka kamba mchanganyiko wa pilipili na oili chafu. Nao wazo lao ni lilelile, kumpa tembo sababu halisi. Kifuta jasho cha serikali kinasaidia, ila hulipwa baada ya shamba kuliwa.

Nilianza kufikiri hivi kwa sababu ya mwanafunzi mmoja aliyekuwa akisinzia kipindi cha kwanza. Nilimkaripia mara mbili mbele ya wenzake. Mara ya tatu jirani yake wa dawati akasema, "Mwalimu, huyu analala dunguni." Kwao baba alikuwa mgonjwa na yeye ndiye mkubwa. Nilinyamaza, nikaendelea na somo. Aibu ilikuwa yangu.

Katika insha ya majaribio kijana huyo hakuandika fasili. Aliandika kwamba tembo wa kwao ni madume matatu, kwamba huja mwezi ukishatua, kwamba husimama kwanza upande ambao upepo unawapelekea harufu ya walinzi, na kwamba usiku ambao dungu halina mtu huingia bila kusimama. Karatasi nzima hakuna neno "makazi". Nilimpa alama 13 kati ya 15. Mbili zilipotelea kwenye tahajia.