Nani Kasema Mukimo Haitaki Mvinyo?

Juzi kwenye ruracio, sherehe ya mahari, huko Bahati, mshereheshaji aliona chupa ya mvinyo mwekundu kando ya sinia la mbuzi, akashika kipaza sauti: "Hiyo waini iondolewe. Waini ni ya wazungu na ya mahotelini. Mbuzi huliwa na bia." Watu wakapiga makofi. Mimi nilikasirika, na hasira hiyo haijaniisha.

Mshereheshaji huyo hayuko peke yake. Hapa Nakuru, kuanzia Section 58 hadi Njoro, utaambiwa hayo hayo: mvinyo si wetu na haupatani na chakula chetu. Ni uongo mtupu, uliorudiwa mpaka ukageuka desturi.

Wazungu gani? Shamba la Morendat liko Naivasha, ndani ya kaunti hii hii ya Nakuru, na ndiko hukuzwa zabibu za mvinyo wa Leleshwa, Shiraz ikiwemo. Jina lenyewe ni la kile kichaka cha majani ya kijivu chenye harufu kali, ambacho kila mchungaji wa Bonde la Ufa anakijua. Marehemu Richard Leakey naye alipanda Pinot Noir ukingoni mwa bonde hili, upande wa Ngong. Kitu kilichoota katika udongo wetu na kuvunwa na vijana wetu kimekuwaje cha wageni?

Na hiyo bia mnayoiita ya kwetu, ilianzishwa na nani? Kenya Breweries ilianzishwa mwaka 1922 na walowezi wa Kiingereza, na Tusker ikapata jina lake kwa sababu ya ndovu aliyemuua mmoja wao, George Hurst. Chai ilipandwa Limuru 1903 kwa mbegu za kuletwa. Mahindi asili yake ni bara la Amerika, chapati tumejifunza kwa Wahindi. Vyote hivyo vimepewa uraia mezani petu bila swali, halafu mvinyo pekee unadaiwa kitambulisho!

Sasa ladha. Mbuzi wa kuchoma ana mafuta yanayoganda kinywani. Mvinyo mwekundu una tanini, ule ukakasi unaokausha ulimi kama ndizi mbichi, na una uchachu. Funda moja tu, mafuta yamekatika, na kipande kinachofuata kinakuwa kitamu kama cha kwanza. Bia inakujaza gesi ukaacha nusu ya nyama sahanini. Kuku wa kienyeji aliyeungwa kwa nyanya na vitunguu anataka uchachu huo huo. Kwa meza ya nyumbani, yenye mukimo, njahi, mchuzi na nyama kwa pamoja, mimi huchagua mvinyo wa zabibu mchanganyiko: Merlot ni laini, inapatana na mukimo; Cabernet Sauvignon ina nguvu ya kukabili nyama. Wapo wanaodharau mchanganyiko ati ni mabaki ya mapipa. Wawaambie hivyo watu wa Bordeaux, ambao wamejenga sifa ya mvinyo wao mwekundu hasa kwa kuchanganya zabibu hizo mbili.

Mwingine, tena mtu aliyesoma, aliniambia mvinyo ukikutana na ugali tumboni "unachacha upya." Jamani! Watu wa bonde hili wamekunywa mursik, maziwa yaliyochachushwa, na ugali maisha yao yote. Wazee wamekunywa muratina, pombe yetu ya kienyeji, na nyama tangu enzi za mababu. Ni tumbo la nani lililopasuka?

Wenye hoteli nao wana lao. Nimekaa katika hoteli moja kando ya Ziwa Naivasha, nikapewa orodha ya mvinyo wa Chile na Afrika Kusini, bila chupa hata moja ya zabibu za jirani. Chipsi zilikuwa za kugandishwa, kutoka ng'ambo, ilhali mkulima wa Molo anapunjwa kwa lumbesa, magunia yanayojazwa kupita kipimo, na viazi vyake vinamwozea shambani. Huletewi mvinyo tu, unaletewa dharau kwa kila kinachotoka hapa.

Serikali nayo inasukuma upande ule ule. Sera ya taifa iliyotolewa Julai 2025 inapendekeza pombe isiuzwe tena katika supamaketi. Mama anayeweka chupa moja kikapuni pamoja na vitunguu na nyama ya Jumapili, kisha akainywa na mumewe polepole huku wakila, ndiye anayefungiwa mlango. Mlevi hana haja ya supamaketi; baa anaijua na njia ya chang'aa anaijua. Kama mnataka watu wanywe kwa kiasi, acheni chupa ikae karibu na chakula. Mkiiondoa hapo, mama huyo mnamtuma wapi, baa saa tatu usiku?