Rivolva ya Magnum: Nguvu Isiyo na Ustadi Si Kinga

Miongoni mwa mambo yanayowakabili ndugu zetu waliohamia Marekani, na ambayo huku kwetu mtu wa kawaida huishi umri wake wote asiyapate, ni kuingia katika duka lililo wazi kwa umma na kuulizwa ni bastola ipi aitakayo. Kenya na Tanzania, silaha ya moto ni ruhusa ambayo serikali humpa mtu baada ya kumchunguza, na aghalabu humnyima. Huko Marekani, tangu Mahakama ya Juu ilipotoa hukumu yake ya tarehe 26 Juni 2008 katika kesi ya District of Columbia na Heller, kuweka bastola nyumbani kwa kujilinda ni haki inayohifadhiwa na katiba. Haki hiyo haimfundishi mtu namna ya kuitumia, na wako wengi Houston, Dallas na Columbus, wazungumzaji wa lugha yetu na wenye watoto, ambao wamewaza kununua rivolva moja, yaani bastola ile yenye ngoma ya risasi inayozunguka, iwalindie nyumba na iwafae katika uwanja wa shabaha. Kwa hao, na kwa jamaa zao wanaoombwa shauri kutoka mbali, nasema hivi: anayetaka rivolva ya Magnum na achague ya kipimo cha .357, ya chuma kizito, yenye mtutu wa inchi 4, auzoeze mkono wake kwa risasi pole za .38 Special, kisha aifungie. Na asiye na wasaa wa kujizoeza, wala mahali pa kuifungia, asinunue kabisa.

Risasi ya .357 Magnum ilitoka mwaka 1935, zama ambazo majambazi wa Marekani walikuwa wakijikinga ndani ya magari ya chuma, na risasi za askari zilikuwa hazipenyi vema milango ya magari hayo. Kampuni ya Smith & Wesson, ikishirikiana na Winchester, iliichukua .38 Special, risasi iliyokuwa ikitumika tangu mwishoni mwa karne ya 19, ikalirefusha ganda lake kwa takriban milimita 3, na kuitia baruti ya nguvu zaidi. Urefu ule uliongezwa kwa hadhari, ili risasi mpya isiweze kuingia katika rivolva za zamani ambazo vyuma vyake visingeustahimili mshindo wake. Rivolva ya kwanza ya aina hiyo alitunukiwa J. Edgar Hoover, mkuu wa FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, na Jenerali George Patton alikuwa miongoni mwa waliojinunulia mapema. Miaka 20 baadaye ikafuata .44 Magnum, ambayo Elmer Keith, mwindaji na mwandishi, aliipigania kwa muda mrefu kwa sababu alitaka bastola ya kuulia wanyama wakubwa. Mwaka 1971 filamu ya Dirty Harry, aliyoicheza Clint Eastwood, ikaitia .44 katika matamanio ya watu ambao hawakuwahi kuwinda hata sungura, na tangu hapo wako wanaoamini kwamba bastola bora ya nyumbani ni ile inayopiga kwa nguvu kupita zote.

Imani hiyo ndiyo niipingayo. Risasi ya kawaida ya .38 Special hutoka mtutuni na nishati isiyozidi sana juli 300, ya .357 Magnum hufika juli 700 na zaidi, na ya .44 Magnum huvuka 1,000. Lakini nishati hiyo haiendi mbele peke yake, kwa maana kadiri risasi inavyosukumwa kwenda mbele, ndivyo bastola inavyosukumwa nyuma kiganjani mwa mpigaji, mdomo wake ukaruka juu, na jicho likapotewa na shabaha. Mtu aliyepigwa teke na .44 mara tatu nne huanza kuuogopa mshindo kabla haujatokea: hufumba macho, huukaza mkono, akaivuta bastola chini wakati uleule anaopaswa kutulia, na risasi ikaenda isikokusudiwa. Nahodha hasifiwi kwa ukubwa wa tanga lake, bali kwa kulimudu tanga hilo pepo zikichafuka. Na mwenye bastola asiyeimudu amejinunulia hatari kwa fedha zake mwenyewe.

Fadhila kuu ya rivolva ya .357, ambayo kwa rai yangu inatosha kuipa ushindi, ni kwamba hupokea pia risasi za .38 Special, kwa kuwa unene wao ni mmoja na tofauti yao ni ule urefu mdogo wa ganda. Ilhali rivolva ya .38 haiwezi kupokea .357, wala haifai kujaribiwa. Kwa hiyo mtu mmoja, kwa chombo kimoja, huweza kuanza na risasi pole zilizo nafuu pia kwa bei, akajifunza kuushika mpini, kulinganisha vilengeo na kuvuta kifyatulio bila kutikisika, na kupanda daraja kwa daraja hadi kuizoea Magnum yenyewe, au hata kukomea njiani akaridhika na .38 kwa ulinzi wa nyumba, jambo ambalo halina aibu yoyote. Sharti moja na alikumbuke: baada ya kupiga .38 nyingi, masizi hujikusanya ndani ya vyumba vya ngoma, na ni lazima vipigwe brashi na kusafishwa kabla ya kutiwa zile risasi ndefu, ama sivyo zitakwama.

Kuhusu uzito, wanunuzi wengi hudanganyika dukani, kwa sababu bastola nyepesi hupendeza mkononi ikiwa haina risasi. Ziko rivolva ndogo za .357 zilizoundwa kwa madini mepesi, ambazo hazifiki gramu 350, zilizokusudiwa kubebwa mfukoni kutwa nzima. Ukizipiga kwa risasi kamili za Magnum hutesa kiganja hata cha mtu mzoefu. Ruger GP100 na Smith & Wesson 686, zenye mtutu wa inchi 4, zina uzito wa kilo moja na ushei, na uzito huo ndio unaomeza sehemu kubwa ya teke. Bastola ya kukaa nyumbani haibebwi, basi hakuna sababu ya kuukimbia uzito unaomfaa mwenyewe. Mtutu wa inchi 6 ni mzuri kwa shabaha lakini huwa mrefu katika ujia wa nyumba. Wa inchi 2 huongeza mwako na kelele na kupunguza usahihi. Inchi 4 ni wastani ulio mwema.

Wako watakaosema kwamba zama za rivolva zimepita, na hoja yao si dhaifu. Tarehe 11 Aprili 1986, huko Miami, maofisa wa FBI, wengi wao wakiwa na rivolva, walipambana na majambazi wawili. Maofisa wawili wakauawa na wengine watano wakajeruhiwa, na baada ya siku hiyo vikosi vingi vya Marekani vilihamia katika bastola za magazini zenye risasi nyingi. Kwa askari hoja hiyo ni ya haki. Lakini mwenye nyumba haendi kuwakamata majambazi. Anangoja ndani ya chumba na jamaa zake huku akiita polisi, na huenda ikapita miaka bila chombo chake kuguswa ila kwa mazoezi. Rivolva haina magazini ya kukosea kuitia wala springi yake ya kubanwa mwaka mzima. Risasi moja ikigoma, mtu huvuta kifyatulio tena na ngoma humletea nyingine. Na akiifungua ngoma huona kwa jicho lake kama imejaa au ni tupu. Kifyatulio chake, nyundo ikiwa haijavutwa, hudai nguvu ya takriban kilo 5, nayo hupunguza uwezekano wa kufyatuka kwa bahati mbaya, japokuwa haiuondoi.

Kuna jambo la ujenzi ambalo sisi tuliokulia katika nyumba za mawe ya matumbawe na matofali ni wepesi wa kulisahau. Kuta za ndani za nyumba nyingi za Marekani ni mbao nyembamba zilizofunikwa mbao za jasi, na risasi ya .357 hupenya kuta kadhaa za namna hiyo na kubakiwa na nguvu ya kumuua mtoto aliyelala chumba cha pili, au jirani wa upande wa pili wa fleti. Kadhalika mlio wake hupita desibeli 150, ilhali 140 hutosha kulidhuru sikio, na ndani ya chumba kilichofungwa mdundo huo huwa mkali zaidi. Kwa sababu hizi pia .38 Special iliyoundwa kwa ajili ya ulinzi ni chaguo la busara kwa mkaa fleti.

Uwanja wa shabaha ndio madrasa ya mambo haya yote, na adabu zake si mapambo. Bastola huhesabiwa imejaa wakati wote. Mdomo wake hauelekezwi kwa kitu ambacho mtu hakukusudia kukiharibu. Kidole hakigusi kifyatulio mpaka vilengeo viwe juu ya shabaha. Na mpigaji huijua shabaha yake na kilicho nyuma yake. Masikio na macho hukingwa. Mwenye kuyafanya haya mara kwa mara mbele ya mwalimu, kwa saburi na bila kushindana na yeyote, hupata utulivu ambao hakuna duka linalouuza.

Sasa naja kwenye lililo zito zaidi. Mwaka 1993 Arthur Kellermann na wenzake walichapisha katika New England Journal of Medicine utafiti ulioonyesha kwamba nyumba zenye bunduki zilikuwa na uwezekano wa karibu mara tatu wa mtu kuuawa ndani yake. Wapinzani wakajibu kwamba huenda walio hatarini ndio wanunuao zaidi, na mjadala ungalipo. Lisilo na mjadala ni hesabu ya serikali yenyewe: mwaka 2021 watu zaidi ya 48,000 walikufa kwa silaha za moto Marekani, na zaidi ya 26,000 kati yao walijiua kwa mikono yao. Maana yake ni kwamba adui anayehofiwa kuvunja mlango ni mmoja tu wa kuhadhariwa. Huzuni ya kijana, ulevi, ugomvi wa mume na mke, na mikono ya mtoto mdadisi humo humo ndani ni hatari zinazolala na mwenye bastola kila usiku. Kasha la chuma lenye kufuli, linalofunguka upesi kwa mwenyewe na lisilofunguka kwa mwingine, ni sehemu ya bei ya bastola. Na siku yeyote nyumbani anapoelemewa na majonzi, chombo hicho kitolewe nyumbani mpaka apone.

Wageni nao wachunge sheria. Muuzaji mwenye leseni haruhusiwi kumuuzia bastola aliye chini ya miaka 21, na tangu sheria ya Brady ya mwaka 1993 mnunuzi huchunguzwa kabla ya kukabidhiwa. Mkaazi wa kudumu anaweza kununua, lakini aliyeingia kwa viza ya muda, mathalani mwanafunzi au mtalii, kwa kawaida amekatazwa hata kumiliki, isipokuwa katika hali chache kama vile kuwa na leseni halali ya uwindaji. Na kila jimbo lina masharti yake juu ya hayo. Kosa hapa laweza kumfikisha mtu gerezani na kumrudisha alikotoka.

Basi, ndugu uliye ugenini, usimsikilize muuzaji anayekusifia ukubwa. Kwanza tafuta mwalimu, azima rivolva ya .357 uwanjani, ipige kwa .38 Special, na ujitazame kwa insafu kama mkono wako umetulia na kama nyumba yako ina pa kuifungia. Ukiona mambo hayo mawili yamekamilika, nunua ile nzito ya inchi 4. Ukiona moja limepungua, weka fedha yako katika mlango imara, kufuli njema, taa ya nje na ujirani mwema.