Msiwafukuze Wanaonyanyua Vyuma



Katika komini ya Annexe, inayouzunguka mji wa Lubumbashi kama ukingo unavyozunguka sahani, vijana wananyanyua vyuma. Kule Kalebuka, Kisanga na Luwowoshi hawangoji ukumbi wenye vioo: bomba la chuma na makopo mawili yaliyojazwa saruji yanawatosha. Wapita njia wakiwaona husema neno moja tu: pomba. Maana yake ni mtu wa fujo, mtu wa kukodiwa. Hata katika parokia zetu tumewasikia wazee wakisema kwamba vyuma huzaa kiburi, na kwamba kijana mwema hujulikana kwa kwaya, si kwa kifua.

Sisi tunaikataa hukumu hiyo.

Kwanza, inasahau historia yetu. Mwaka 1939 wamonaki Wabenedikto walioongoza Taasisi ya Mtakatifu Bonifasi mjini hapa, enzi za Élisabethville, waliwaanzishia wanafunzi wao timu ya mpira, wakaiita Saint-Georges. Timu hiyo leo ni TP Mazembe. Watu wale wa sala hawakuliona jasho la kijana kuwa adui wa sala.

Pili, inapuuza yanayotokea moyoni mwa anayejizoeza. Kijana aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa karo, kisha akazunguka mji akitafuta kazi asipate, huamini upesi kwamba hafai kitu. Siku moja ananyanyua kilo 20 kwa taabu. Baada ya majuma mengi ya uaminifu ananyanyua 40. Chuma hakimpendelei mtoto wa tajiri, wala hakipokei rushwa. Kijana huyo amejiwekea ahadi, akaitimiza. Mwenye kiburi hujisifia asichokifanya. Huyu anajua alichokiweza, na anajua pia kilichomshinda. Kujiamini kwa namna hiyo ni jirani wa unyenyekevu.

Tatu, inawadhulumu dada zetu. Binti anayejitwika bidoni ya lita 20 amebeba kilo 20 kila asubuhi, wala hakuna amwambiaye kwamba mzigo huo unamharibia umbo lake la kike. Akinyanyua uzito uleule kwa hiari yake, kwa ajili ya afya yake, ghafla sote tunapata la kusema. Huo ni unafiki.

Lakini msishangilie mapema, vijana. Tuna neno nanyi pia.

Wako kati yenu wanaotaka mwezi mmoja uwape matunda ya miaka. Wananunua vidonge ambavyo hawakuandikiwa na daktari. Deksamethasoni humvimbisha mtu uso na tumbo, naye akadhani amepata mwili. Kumbe ikitumiwa muda mrefu huidhoofisha misuli na mifupa yenyewe, na kupandisha sukari na shinikizo la damu. Homoni za kiume zinazotumiwa kukuza misuli zaweza kuumiza moyo na ini, na kumpunguzia mwanamume uwezo wa kuzaa. Anayefuata njia hiyo hajajiamini bado. Anaukimbia mwili aliopewa na Mungu. Misuli hukua kwa bukari na maharagwe, kwa ndakala, kwa usingizi na subira. Mazoezi huichosha, mapumziko huijenga.

Wako pia wanaouza kifua chao. Mwenye fedha huja mtaani kutafuta mikono ya kuwatisha watu, nao hukubali kwa bei ya chupa chache. Hapo neno pomba linapata ukweli wake, na hapo wazee wana haki ya kutukemea. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2289, inatutaka tuuheshimu uhai wa mwili, lakini inakataa mwili usiabudiwe. Tena inaonya kwamba ibada hiyo, kwa kuwapendelea wenye nguvu kuliko wanyonge, huharibu uhusiano wa watu.

Mtazameni Mwenyeheri Floribert Bwana Chui wa Goma. Alikuwa na miaka 26 alipouawa mwezi wa Julai 2007, kwa sababu alikataa rushwa ili chakula kilichoharibika kisiwafikie watu. Hakuna anayeuliza alinyanyua kilo ngapi. Uzito alioubeba ni wa neno moja: hapana. Neno hilo mtu hajifunzi siku anapowekewa fedha mezani. Hujifunza kabla, katika mambo madogo, na kijana anayeamka alfajiri kutimiza ahadi ambayo hakuna aliyemwona akiiweka ameanza kujifunza. Akiishia hapo, lakini, amejenga ukuta usio na nyumba.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Parokia zifungue viwanja vyao jioni kwa wanaonyanyua vyuma, wavulana na wasichana, chini ya jicho la mkubwa mwenye busara; kijana tunayemfukuza langoni atapokewa na mwingine mwenye nia mbaya. Nanyi vijana, kila mnapoongeza kilo juu ya chuma, ongezeni na mzigo wa jirani: maji ya mjane, mgonjwa wa kufikishwa hospitalini, matofali ya shule ya mtaa.

Siku watu wa Annexe watakapomwona pomba ametangulia na bidoni ya bibi mkongwe, naye bibi anamfuata polepole akimwombea, mtaa wenyewe utamtafutia jina jingine.