Tecno, kitochi na somo ambalo kampuni zinalilipia semina

Siku hizi benki na kampuni za simu zinapeleka wafanyakazi kwenye mafunzo ya kitu kinachoitwa fikra za kisanifu. Kwa lugha nyepesi: kabla hujatengeneza bidhaa, nenda kamwangalie mtu atakayeitumia. Tengeneza sampuli ya bei rahisi, mpe aijaribu, rekebisha, rudia. Jina lilivuma kupitia kampuni ya IDEO ya California na Chuo Kikuu cha Stanford.

Ukitaka kuona mbinu hii ikifanya kazi, achana na slaidi. Angalia kitochi.

Nokia 1100 ilitoka mwaka 2003. Ilikuwa na tochi, kwa sababu umeme unakatika au haupo kabisa. Vitufe vilizibwa vumbi lisiingie, na pembeni haikuteleza hata mkono ukiwa na jasho. Kamera hakuna, rangi hakuna. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250.

Nokia hawakuishia hapo. Watafiti wao, akiwemo Jan Chipchase, walikwenda Uganda kuangalia jinsi watu wengi wanavyotumia simu moja. Walichokuta kilikuwa kizuri kuliko simu yenyewe: mtu ananunua vocha mjini, anamsomea namba mwenye kibanda cha simu kijijini, yule anaiweka kwenye simu yake, kisha anampa ndugu wa mtumaji hela taslimu na kukata chake. Yaani wananchi walishajitengenezea huduma ya kutuma pesa, bila benki wala programu. Mwaka 2007 Nokia ikatoa 1200, yenye uwezo wa kutunza orodha kadhaa za majina ili nyumba nzima iitumie bila kuvurugana.

Sasa, kampuni iliyomjua mteja kiasi hiki ilipotelea wapi?

iPhone na Android zina sehemu yao, hilo linajulikana. Lakini huku kwetu kuna laini mbili. Kupiga mtandao mwingine kulikuwa ghali, kwa hiyo watu walitembea na laini mbili tatu mfukoni: toa betri, chomoa, chomeka, washa. Hili halikuhitaji mtafiti, lilionekana kituo chochote cha daladala. Tecno wakaleta simu za laini mbili. Nokia walitangaza ya kwanza yao mwaka 2010, wakiwa wamechelewa. Mwaka 2014 biashara yao ya simu ikawa mali ya Microsoft.

Kwa maoni yangu, kilichokosekana Nokia siyo utafiti. Kampuni za mtandao za Ulaya, zilizokuwa zikinunua simu zao kwa wingi, hazikuwa na sababu ya kufurahia simu inayobeba laini ya mpinzani. Unaweza kumsikiliza mtumiaji vizuri kabisa, halafu maamuzi yakamfuata anayelipa.

Transsion ya China, yenye Tecno, itel na Infinix, imekaa kileleni mwa soko la simujanja Afrika kwa miaka sasa. Betri inadumu, bei inashikika, na kamera imerekebishwa ili ngozi nyeusi isitoke kama kivuli. Hapo walimsikiliza mtu, hakuna ubishi.

Ila mwaka 2020 kampuni ya usalama ya Upstream ilieleza kwamba simu za Tecno W2 katika nchi kadhaa, zikiwemo Ethiopia na Ghana, zilikutwa na programu hasidi tangu zikiwa mpya. Programu hizo zilikuwa zinajaribu kuwaunganisha watu na huduma za kulipia bila wao kujua, huku zikila bando. Transsion ilimlaumu mshirika kwenye mnyororo wa ugavi na kusema ilishatoa marekebisho.

W2 ilikuwa simu ya bei ya chini. Wanunuzi wake ni wale wale ambao betri ndefu na laini mbili vilibuniwa kwa ajili yao.