Punda naye ni bingwa

Ndugu mwandishi, makala yako kuhusu farasi aliyeweza kila shindano nimeisoma hapa dukani, Mtaa wa Kongo, Kariakoo, nikamkumbuka mnyama wangu. Ila pale unaposema pwani yetu haijui mapenzi ya mtu na mnyama wake, nakataa. Mimi mzaliwa wa Lamu, na nilimpanda punda aliyeitwa Tufani. Siku za kazi alibeba mchanga na mawe ya ujenzi kwenye vichochoro ambamo gari haliingii. Ikifika Maulidi tunashindana mbio kando ya bahari, bila tandiko, nimekaa nyuma kabisa karibu na mkia. Penye msongamano alijipenyeza mwenyewe, sikuhitaji hata kumgusa. Tena kliniki ya The Donkey Sanctuary, iliyopo Lamu tangu 1987, huwa na shindano la punda waliotunzwa vizuri, na huko nako alisifiwa: kwato safi, mgongo hauna kidonda. Huyo si bingwa wa kila kitu? Nilimpenda sana, na sijawahi kumwamini mnyama mwingine vile. Na wewe mchangiaji hapo juu unayesema sisi hatukuwahi kupenda farasi, si mapenzi yaliyokosekana: kumbuka inzi yule, mbung'o. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia farasi na nyumbu wa majeshi walikufa kwa maelfu kwa ugonjwa wa mbung'o, mizigo ikaishia vichwani mwa watu, na kambi ya wapagazi hao wa Waingereza ilikuwa hapa hapa Kariakoo. Mwandishi, safari ijayo tuandikie kuhusu punda wa Lamu, tafadhali.