Tanakali Si Milio Pekee

Kwa miaka mingi, hadi mtihani wa KCPE ulipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023, wanafunzi wa shule za msingi nchini Kenya walikariri tanakali za sauti kama orodha ya bidhaa dukani: lala fofofo, nyamaza jii, anguka pu. Aghalabu maana na chimbuko la maneno hayo havikuulizwa. Mazoea haya yanaidhulumu lugha.

Yapo maneno yanayoiga sauti kwa dhati. Kitu huanguka chubwi majini, tapwi matopeni na tifu mchangani. Mahali pakibadilika, neno nalo hubadilika, kwa kuwa sikio la Mswahili limevitenga vishindo hivyo. Pikipiki nayo imepata jina kutokana na mlio wa injini yake. Hata hivyo, kila lugha huiga kwa kanuni zake. Jogoo ni yule yule, lakini Mswahili husikia kokoriko, Mwingereza husikia cock-a-doodle-doo.

Fauka ya hayo, si kila neno linalovuma kama mlio limetokana na mlio. Cherehani huweza kudhaniwa kuwa inaiga mashine ya fundi, ilhali asili yake ni charkh, neno la Kiajemi lenye maana ya gurudumu.

Swali zito zaidi ni hili: weupe una sauti gani? Nguo huwa nyeupe pe, giza huwa jeusi tititi, na jii yenyewe ni kimya. Clement Doke alikwisha kulitambua jambo hili mwaka wa 1935 alipoeleza kwamba maneno ya kundi hili katika lugha za Kibantu huchora wazo kwa sauti, liwe la rangi, harufu, hali au tendo. Hivyo basi, jina "tanakali za sauti" limelibana kundi pana mno, na mwanafunzi hutafuta mlio mahali usipokuwepo.

Walimu hawana budi kuzirejesha tanakali katika ngano, ambamo fanani huzitamka na hadhira ikaona tukio. Na mwanafunzi anayeandika tanakali inayotumika kwao, ijapokuwa haimo katika orodha ya kitabu, asikatwe alama. Orodha ilitungwa na mtu. Lugha ni mali ya wanaoizungumza.